Wimbo wa Emile Uliohamishiwa Kadini

Magloire anatengeneza simu karibu na soko la Kasongo, kwenye kibanda chenye spika mbili na meza moja. Kusema anatengeneza ni kumheshimu tu. Nusu ya simu zinazofika kwake hazina ugonjwa wowote ila zimejaa, naye hufuta kila kitu, anamrudishia mtu simu nyepesi, na mtu anashukuru. Kazi hiyo anaiita kuformata, na analitamka neno hilo kama daktari anayetaja dawa. Sisi majirani tulimcheka, lakini simu zetu tulimpelekea yeye.

Kitu kimoja hakijui kabisa, nacho ni kuuliza. Maneno marefu ya Kifaransa yakitokea kwenye kioo, yeye anabonyeza oui, yaani ndiyo, na kuendelea na mazungumzo.

Wiki moja Mama Clémentine, mjane wa Emile, alimletea simu yake. Emile alikuwa mwimbishaji wa ukoo wao. Matanga yanapoondolewa, mwimbishaji huwaita waliotangulia kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa lugha yao ya Kizimba, na kila jina likitajwa watu wote wanaitikia kwamba bado tunaye. Jina la marehemu mpya linakuja mwisho. Majina yote na mpangilio wake aliyajua Emile peke yake. Wengine walizoea kuitikia. Magloire si mtoto wa Emile ila naye ni wa ukoo huohuo, na kwa kuitikia ana sauti nzito ambayo hata anaowakera wanaisifu.

Kabla Emile hajafa, binti yake Laura alimrekodi wimbo mzima ndani ya aplikesheni ya muziki, kwenye simu ya mama yake. Sasa matanga ya Emile mwenyewe yalikuwa yanaondolewa Jumamosi, na yeye ndiye angewaita wenzake kutoka kwenye spika.

“Magloire, mutoto wangu,” Mama Clémentine alisema, “telefone inakataa kufungua muziki. Inasema imejaa. Sauti ya baba yako Emile iko mule ndani. Uangalie muzuri.”

“Mama, usiogope. Miziki yote tunaitoa ku telefone, tunaipeleka ku kadi. Kisha kadi tunaitia ku spika, unamusikia hapa hapa. Ni kitu kidogo.”

Na kweli kilikuwa kitu kidogo. Alifungua mipangilio ya aplikesheni, akachagua kadi ndogo ya kumbukumbu badala ya simu yenyewe, na mafaili yakaanza kuhama. Kioo kiliandika kwamba kadi isichomolewe mpaka kazi iishe. Lakini kwetu kadi haitulii mahali pamoja. Inatoka kwenye simu inaingia kwenye redio, inakwenda kwenye spika ya jirani, inarudi, na hakuna aliyewahi kuiomba ruhusa. Watu walikuwa wameshajaa mbele ya kibanda, na Magloire akiona watu hawezi kungoja. Akaichomoa, akaitia kwenye spika.

Spika haikutoa kitu. Akairudisha kadi kwenye simu. Simu ikasema kadi imeharibika, ikauliza kama aiformate. Neno hilo alilijua. Akabonyeza oui.

Nilikuwa nimesimama pale, nikamwona uso unamshuka. Alitafuta kwenye kadi, akatafuta kwenye simu, kote kweupe. Mafundi wengine wangesema ukweli wakati ule. Yeye alisema, “Mama, ile kadi njo ilikuwa mubovu. Ilikula muziki yote.”

Mama Clémentine alimshika mkono. “Si kosa yako, mutoto wangu. Umejaribu.”

Kesho yake akamletea samaki wa Lualaba na ugali wa muhogo, kwa kuwa alisikia fundi hali chakula kwa ajili ya simu yake. Magloire alikiangalia kile chakula mpaka kikapoa. Aliona aibu, nami nasema ilimstahili. Uongo wake ulikuwa umepikiwa samaki.

Jumamosi alikuja kwenye matanga akiwa wa mwisho, akasimama mbele ya watu, akasema yote: kadi ilikuwa nzima, aliyeifuta ni yeye, na alidanganya kwa sababu aliona haya kusema hajui. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu wangemtukana.

Wazee wakajaribu kuita majina. Waliyapata machache, wakabishana juu ya mengine, mwishowe wakaona aibu kubishana mbele ya mjane. Ndipo Mama Clémentine akasema, “Yale tunayajua, muyaite. Yale hatuyajui, munyamaze, muache nafasi yao.” Akamgeukia Magloire. “Na weye utaitikia. Yote, hata yale ya kunyamaza.”

Wakaanza. Mzee Asani, mmoja wao, akaita jina, watu wote wakaitikia. Akaita la pili. Kisha akanyamaza, macho yote yakiwa chini, na katika ukimya ule ikasikika sauti nzito ya Magloire peke yake, ikitetemeka, ikisema bado tunaye, kwa mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua tena.