Jani la Isale kwa Bwana Michezo

Nyasi zilizokatwa alfajiri zina harufu yake, na ambaye hajawahi kuzibeba kichwani hawezi kuijua. Ni harufu ya maji, ya udongo, na ya jasho la shingo yako mwenyewe, maana umande unatiririka mpaka kiunoni na majani yanakuwasha kama upupu. Sisi wa Kilema tulifuga ng'ombe zizini, ndani ya kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na kahawa, na malisho tuliyafuata kule chini tambarare. Kushuka ni kwa miguu, kupanda ni kwa roho. Mimi nilipanda nikilia. Dada yangu Anjela alipanda akikimbia, mzigo kichwani, na akishautua nyumbani alirudi njiani kunipokea wangu. "Manka, konokono wewe! Ng'ombe watakufa wakikusubiri!" Nilimchukia kwa maneno yale, nikampenda kwa kunipokea.

Niliishia darasa la nne, siandiki kama walimu, lakini mwaka ule naukumbuka kuliko jana. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi na tisa. Alikimbia mashindano ya wilaya akawashinda, ya mkoa akawashinda, akaenda ya taifa miguu mitupu akawaacha wasichana wenye viatu. Ndipo bwana michezo wa wilaya, mtu wa pwani mwenye shati jeupe na magoti yasiyojua mlima, akapanda kwetu akihema kumwambia baba kwamba binti yake amechaguliwa timu ya taifa: anakwenda kambini Dar es Salaam, kisha Olimpiki. Baba alimkaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, akamsikiliza mpaka kata ikaisha. "Mwalimu," akasema, "mwanamke anayekimbia bila kufukuzwa na kitu, mimi simwelewi. Huyu ana mchumba. Wazee wameshakunywa pombe yake." Bwana michezo akashuka mlima.

Mama hakubishana na baba. Hakuna aliyebishana na baba. Alikwenda mpakani mwa shamba akachuma jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, akalifunga fundo, akampa Anjela. Kwetu anayekuletea isale ameshamaliza maneno. Aliyemwaga damu huleta isale, aliyemtukana mzazi huleta isale, na ukilikataa, laana inageuka kuwa yako. Anjela alipiga magoti mlangoni, nami nikapiga nyuma yake, sijui kwa nini. Baba alilitazama lile jani kama mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda chake. Mwisho akalipokea, akalichomeka kwenye paa. "Nenda. Ukirudi unaolewa, na habari ya kukimbia nisiisikie tena." Kwa hiyo alipewa safari moja tu maishani, na nyumba nzima tulijua hivyo.

Alipoondoka, mzigo wake wa nyasi ukawa wangu. Sikulia tena. Nilijiambia kila hatua ninayopanda inamsukuma yeye mbele. Jioni nilikimbilia kwa katekista, jirani yetu mwenye redio, nikakaa chini sakafuni kusubiri jina la dada yangu. Badala ya jina ikaja habari kwamba hatuendi. Nchi moja ilikuwa imepeleka timu kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na bado ikaruhusiwa kushiriki Olimpiki; Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasema basi, sisi hatukanyagi. Katekista alipiga goti lake kwa kiganja. "Ni haki!" akasema. Na ilikuwa haki, mpaka leo nasema hivyo, maana watu weusi wa kule kusini walikuwa wakiuawa. Lakini wapiganapo tembo, nyasi huumia, na mimi nyasi nilizijua uzito wake.

Anjela alirudi na begi dogo na traksuti mpya ya timu. Hakulia. Aliuliza tu ng'ombe wamekula nini. Baba naye hakumcheka. Alituma ujumbe kwa wakwe. Hapo mimi nikafanya la kitoto. Niliwaza: kama isale lilimlainisha baba, serikali ni nani? Asubuhi nikachuma jani, nikalifunga fundo, nikashuka mpaka barabara kuu, nikapanda lori la kahawa hadi Moshi. Nikaingia ofisini kwa bwana michezo, nikapiga magoti kwenye saruji.

"Shikamoo. Nimeleta isale. Waambie wamruhusu dada."

"Marahaba, binti. Hayo majani ya nini? Mimi sifugi ng'ombe!"

Ofisi nzima ikacheka. Nikamweleza, huku kamasi zinanitoka, maana ya lile fundo. Akaacha kucheka. Alilipokea kwa mikono miwili, akalitumbukiza kwenye glasi yake ya maji mezani. "Ningekuwa na wa kumpelekea," akasema, "ningempelekea mimi mwenyewe." Akanipandisha basi nikarudi nyumbani. Kabla kahawa haijaanikwa, dada aliolewa.

Miaka minne baadaye redio ilitangaza wanaume wawili wa Tanzania wamepata medali za fedha. Anjela alikuwa akimenya ndizi, mtoto wa tatu mgongoni, amefunikwa kipande cha ile traksuti. "Kumbe inafikika," akasema, akaendelea kumenya.

Medali za Olimpiki ni hizo mbili mpaka leo. Juzi mjukuu wangu Neema, ambaye anakimbia kama amefukuzwa na nyuki, nasema hivyo bila aibu kwa kuwa ni wangu, alinionyesha kwenye simu wanamichezo wa dunia wakipita na bendera. Yetu ilipita upesi kama bodaboda. "Bibi, wetu ni hawa tu?" Ni hawa tu. Siku hizi hakuna baba wa kukataa wala makaburu wa kususiwa, viatu vipo, na timu inazidi kupungua. Uwanja wa shule aliokimbilia Anjela umeshajengwa vibanda nusu yake. Na tambarare hakuna anayeshuka tena kwa mguu.

Anjela tumemzika mwaka jana, kwenye kihamba cha mumewe. Alipeleka isale mara moja kwa ajili ya mbio. Yeye hakuletewa na mtu. Wala baba, wala nchi. Nikachuma jani mimi, nikalifunga fundo, nikalishusha juu ya jeneza kabla ya udongo, kwa niaba yao wote. Neema alinishika mkono tukirudi.

"Bibi, angekwenda, angeshinda?"

"Sijui, mjukuu wangu. Labda angekuwa wa mwisho."

"Sasa mbona unalia?"

Kwa sababu hata huo mwisho hakupewa.