Rozalia na Matumbo ya Samaki wa Mikindani

Rozalia alikuja Mtwara kutoka Mbinga mwanzoni mwa miaka ya tisini, akimfuata mumewe Mikaeli aliyekuwa mpakiaji wa korosho bandarini. Walipata kiwanja Mangamba, nje kidogo ya mji, wakajenga nyumba ya udongo na kuezeka makuti kama wenzao wote. Kazi ya bandarini ilikuwa ya msimu. Korosho zikiisha, Mikaeli alikaa nyumbani akirekebisha ua uliokwisha kurekebishwa.

Kwao Mbinga Rozalia alikulia nyuma ya banda la nguruwe, na hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Lakini majirani wa Mangamba karibu wote walikuwa Waislamu. Kwa hiyo kabla hajakata hata mti mmoja wa banda, alikwenda kwa jirani yake wa karibu, mzee Nassoro, akamweleza anachotaka kufanya. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia ardhi ni yake na dini ni yake, ila mnyama asivuke mpaka, na maji machafu yasitiririkie upande wa kisima. Rozalia akajenga banda mwisho kabisa wa kiwanja, kwenye mteremko unaokitazama kichaka, kwa magogo ambayo tembo angehangaika nayo. Miaka yote niliyoishi mtaa ule sikuwahi kusikia kwamba nguruwe wa Rozalia ameonekana njiani.

Tatizo lilikuwa chakula. Maganda ya muhogo yalikuwapo tele, na msimu wa korosho nguruwe walikula mabibo hadi wakalala. Lakini hawakukua. Walikuwa na matumbo makubwa na migongo kama msumeno, na watoto waliozaliwa walikufa kabla ya kufungua macho vizuri. Bwana mifugo alipopita alimwambia waziwazi kwamba wanyama wake wanashiba bila kujengeka mwili. Walihitaji dagaa, akasema, lakini dagaa hata watu hawawatoshi. Akamshauri ajaribu mabaki ya samaki, yale yanayotupwa.

Kesho yake asubuhi Rozalia alipanda baiskeli hadi Mikindani. Pale ufukweni wanawake walikuwa wakipasua changu na pono, wakiwaosha na kuwakaanga kwa ajili ya kuuza. Vichwa vikubwa vilinunuliwa kwa supu. Matumbo, matamvua na mapezi yalitupwa mchangani, yakagombewa na kunguru na inzi. Aliyekuwa na karai kubwa kuliko wote alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Mwanahamisi. Rozalia alimwamkia, akaomba aokote yale yaliyotupwa.

"Unafuga bata?" Bi Mwanahamisi aliuliza, kisu kikiendelea na kazi.

Ilikuwa rahisi kuitikia. Hakuna ambaye angemfuata hadi Mangamba kuhesabu bata.

"Hapana, Bi. Nafuga nguruwe."

Wanawake wengine wakaacha kukata. Bi Mwanahamisi akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili, akarudi kwenye samaki wake. Alipomaliza yule aliyemshika, akasema, "Mimi natupa taka. Anayeokota taka sijampa kitu. Ila ndoo yako isisogee kwenye vyombo vyangu."

Basi ikawa hivyo. Rozalia alisimamisha baiskeli mbali, akasubiri wamalize, akaokota kwa mikono yake na kuondoka. Hakuwahi kugusa karai wala kuazima maji ya mtu. Nyumbani aliyachemsha yale matumbo kwenye pipa lililokatwa nusu, asubuhi upepo ukielekea kichakani, mpaka miiba ikalainika. Akayachuja, akayaanika juu ya mabati na kukaa hapohapo na fimbo kwa ajili ya kunguru, kisha akayatwanga na kuchanganya unga wake kidogo kidogo na pumba na maganda makavu. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, migongo ya wale nguruwe ilikuwa imejaa, na jike mmoja alizaa watoto ambao wote walisimama.

Hakufanikiwa moja kwa moja. Krismasi ya kwanza alichinja, na walimu na wafanyakazi wa serikali waliotoka bara wakanunua wakashangilia. Siku ya pili mwalimu Beatrice akarudi na sufuria yake mkononi. Nyama ilinuka shombo. Wageni wake walidhani amepika papa. Rozalia aliionja, akakubali, akamrudishia pesa kila aliyelalamika. Ile iliyobaki waliila wenyewe nyumbani hadi Mikaeli akaomba mboga za majani. Tangu hapo nguruwe aliyekaribia kuchinjwa alitengwa na kunyimwa samaki kabisa kwa wiki kadhaa, akala maganda na pumba tu. Malalamiko yakaisha.

Miaka ikapita vizuri, mpaka maneno yalipoanza. Nani aliyeyaanzisha haikujulikana. Ilisemwa sokoni kwamba Bi Mwanahamisi amefanya ubia na mfuga nguruwe, kwamba ndoo ya najisi inakaa kando ya mafuta yake ya kukaangia. Wateja wake wakaanza kupita moja kwa moja kwenda kwa wengine. Samaki aliowakaanga asubuhi, jioni iliwakuta palepale.

Rozalia aliposikia, alikwenda Mikindani kwa miguu, bila baiskeli wala ndoo, saa ambayo watu walikuwa wengi. Alisimama mbali na makarai kama kawaida yake. Akawaeleza waliokuwapo kwamba ndoo ni yake, haijawahi kugusa chombo cha mtu pale, na kwamba Bi Mwanahamisi hajawahi kumuuzia wala kumpa kitu. Yeye huokota kilichotupwa.

"Lakini kama kuokota kwangu kunamharibia mtu riziki," akasema, "sitakuja tena."

Akageuka akarudi Mangamba. Hakwenda tena kweli. Aliwauza karibu nguruwe wote, akabaki na jike mmoja aliyelishwa maganda, na mgongo wake ukaanza kuonekana. Mikaeli alimshauri atafute ufukwe mwingine, labda Msimbati ambako hawajulikani. Alikataa. Alisema huko nako kuna mwanamke anayekaanga samaki.

Wateja walirudi kwa Bi Mwanahamisi taratibu. Kilichorudi haraka zaidi ni inzi. Matumbo yalirundikana, harufu ikafika hadi kwenye nyumba za mawe, na watu waliozoea kuununia ule mlio wa baiskeli ya Rozalia wakaanza kuuliza yuko wapi.

Siku moja Bi Mwanahamisi akatokea Mangamba. Alisimama mwanzo wa kiwanja, hakuingia zaidi. Rozalia hakumkaribisha maji kwenye kikombe chake. Alimwita Asia, mke wa mzee Nassoro, naye akaja na kiti cha kwake na kikombe cha kwake. Mgeni akakaa, akanywa.

"Ufukwe unanuka, Mama Samweli," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Tumechimba shimo kule mwisho, mbali na moto. Kila mtu anatupa huko. Njoo uchukue, na kama kuna wa kusema, tumeshakubaliana wote, aseme na sisi."

Rozalia alilia kidogo, akiwa amegeukia upande wa banda. Kesho yake alipanda baiskeli.

Banda lilijaa tena. Kwa nguruwe wale Samweli, mwanawe, alisoma hadi chuo cha ualimu. Wanawake wa parokia, na wengine waliokuja kutoka Masasi, walijifunza kwake kuchemsha na kukausha, naye aliwafundisha bila kuficha kitu, pamoja na aibu ya ile Krismasi.

Mikaeli alifariki katikati ya miaka ya elfu mbili. Wanawake wa ufukweni walikuja msibani wakiwa wamejitanda kanga, wakapika nyumbani kwa Asia samaki na wali, wakawalisha waombolezaji wote. Bi Mwanahamisi, ambaye magoti yalikuwa yamemwishia nguvu, alikaa mkekani kando ya Rozalia mchana kutwa. Jua lilipopoa, Rozalia alimshika mkono akamsindikiza polepole hadi barabarani, akasimama naye mpaka gari la Mikindani lilipokuja.