Fundi Bitutu na Gurudumu la Nyuma

Pale Uriri, mkabala na kinu cha kusagia mahindi, kulikuwa na fundi baiskeli ambaye wateja wageni walimpita mara mbili wakimtafuta. Walikuwa wakitafuta mwanamume. Bitutu aliwaacha watafute hadi wachoke, ndipo awaite, "Lete hiyo baiskeli hapa, jua linawaka." Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mumewe, Momanyi, pamoja na sanduku la spana na kigoda kimoja. Alipoanza, mwaka wa tisini na mbili, watu walimpa mwezi mmoja tu. Mwaka wa tisini na nane alikuwa bado yupo, mikono myeusi kwa grisi, na wale wale waliompa mwezi mmoja wakimletea baiskeli zao bila haya.

Mwanawe wa pekee, Byron, alikuwa akisoma shule ya bweni huko Homa Bay, kwa hiyo jioni Bitutu alikula peke yake. Upweke hakuusema. Angemwambia nani? Alikuwa mjane, Msabato, Mgusii aliyehamia kwa watu, na macho ya mji mzima yalikuwa juu yake. Mwanamume akiketi kwake bila sababu, habari ingefika kanisani kabla yake mwenyewe. Lakini mwanamume mwenye baiskeli mbovu ana sababu.

Mwanamume huyo aliitwa Maroa, Mkuria wa upande wa Isebania, mrefu, mpole wa maneno, aliyefiwa na mkewe miaka minne nyuma. Kila Ijumaa alileta gunia la maharagwe soko la Uriri, na kila Ijumaa gurudumu la nyuma lilimgomea. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka uliopita zilikuwa zimeichimba barabara ikabaki mashimo matupu, na uzito wote wa gunia uliangukia gurudumu hilo moja. Alikuwa akifika akiikokota baiskeli, spoku mbili tatu zimekatika upande wa cheni, rimu ikiyumba na kukwaruza breki.

"Mama Byron, huyu mnyama amenitupa tena."

"Kaa chini, Baba Bhoke. Tumuangalie."

Maroa huketi kwenye kigoda cha Momanyi, ambacho hakuna mteja mwingine aliyewahi kukaribishwa kukikalia. Bitutu humpa uji wa wimbi kwenye kikombe cha bati, kisha hufungua gurudumu, hutia spoku mpya pale zilipokatika na kuinyoosha rimu. Maroa naye humenya muwa. Kwa kuwa mikono ya fundi ina grisi, humkatia vipande vidogo na kumwekea juu ya karatasi safi, avichukue kwa ncha za vidole. Huzungumza juu ya mahindi, juu ya Byron, juu ya Bhoke, binti wa Maroa. Saa moja inakwisha hivyo. Maroa akishaondoka, Bitutu hukiacha kigoda pale pale kilipo hadi jioni, na wiki inayofuata humwia ndefu mno.

Sasa hapa pana jambo ambalo fundi yeyote analijua, na Bitutu alilijua kuliko wote. Spoku zikianza kukatika moja moja, ujue hata zilizobaki zimechoka. Dawa yake ni kulifumua gurudumu zima na kulifuma upya kwa spoku nene, zikazwe kwa nguvu moja, ukizigusa kwa kidole zilie sauti moja kama nyuzi za obokano, kile kinubi cha Kigusii. Hivyo ndivyo Momanyi alivyomfundisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bitutu alikuwa akiziba ufa kila Ijumaa huku akijua fika kwamba kinachotakiwa ni ukuta. Spoku nene alikuwa nazo sandukuni tangu mwezi wa pili, zimefungwa kwa gazeti. Kila Ijumaa alijiambia mteja ana haraka. Mteja mwenyewe hakuwa na haraka hata chembe.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa saba, saa tisa ya alasiri, Maroa alikuja kutoka sokoni akiwa ameibeba baiskeli begani. Spoku tisa zilikuwa zimekatika kwa mpigo ndani ya shimo, na gurudumu lilikuwa limepinda kama chapati iliyokunjwa. Hakuketi.

"Mama Byron, leo usiponisaidia nimekwisha. Ng'ombe wa Bhoke wanaingia kesho."

Bitutu alielewa mara moja. Ng'ombe wa mahari wangeingia bomani asubuhi kabla umande haujakauka, na baba wa binti ndiye anayesimama langoni kuwapokea. Maroa asipokuwapo, ndugu yake Gisiri angesimama badala yake, na Bhoke angeambiwa maisha yake yote kwamba siku yake baba hakuonekana. Kutoka Isebania hadi kwa Maroa ni njia ya mguu na baiskeli tu. Gari halifiki, na kwa mguu angefika umande umekwisha kukauka.

Aliinama, akatoa lile furushi la gazeti, akalifungua. Maroa akaziona spoku nene zinang'aa, akaliona na gazeti lenyewe, limekuwa la manjano.

"Hizi nilinunua mwezi wa pili," Bitutu alisema bila kumtazama. "Ningekuwa nimeitengeneza hii kitu kitambo. Nilijua na nikanyamaza. Leo ungeanguka ukavunjika shingo, ingekuwa ni mimi."

Alingoja maneno makali. Maroa alikichukua kisu na kuanza kumenya muwa.

"Najua," alisema. "Kuna fundi Isebania aliniambia tangu mwezi wa tatu. Akasema nimwachie siku moja tu."

"Na mbona hukumwachia?"

"Kule hawana uji," Maroa alisema, naye akauangalia muwa.

Uso wa Bitutu ulimwaka. Alifanya kazi bila kuinua kichwa, akafumua zilizochoka, akagongagonga rimu hadi ikakubali, akaanza kufuma. Jua halikumngoja. Nusu ya spoku zilikuwa bado chini pale mzee wa kanisa, Japheth Omosa, alipofunga kinu chake na kusimama ng'ambo ya barabara.

"Dada Bitutu," aliita, "jua hilo linazama. Sabato inaingia."

Kwa miaka yote ile Bitutu hakuwahi kushika spana baada ya jua la Ijumaa kuzama. Maroa, ambaye alishika mila za baba zake na kanisa alilijua kwa nje tu, alisimama.

"Acha, Mama Byron. Mungu wako ni wako. Mimi nitaomba mahali pa kulala kwa mzee. Gisiri atasimama."

Moyo wa Bitutu uliruka. Maroa alale Uriri! Kesho amwone tena, asubuhi kabisa, bila kungoja wiki nzima. Alitamani hivyo. Wala asingekuwa na kosa lolote; ni amri ya Mungu. Sabato ilimwambia aache, na moyo ulimwambia aache, na hapo ndipo aliposhtuka, kwa maana tangu lini hao wawili wakapatana upesi hivyo?

"Mzee," alisema, "ng'ombe ametumbukia kisimani."

"Ng'ombe gani?"

"Wa Baba Bhoke. Tena si mmoja."

Mzee Omosa alifikiri. Andiko hilo, la ng'ombe kuopolewa kisimani hata siku ya Sabato, alilijua, alikuwa amelihubiri mwenyewe. Aliingia ndani, akarudi na taa ya chemni, akaiweka mlangoni pa fundi na kusema yeye hakuona kitu.

Saa mbili usiku gurudumu lilikuwa tayari. Bitutu alizigusa spoku kwa kidole, zote, zikalia sauti moja. Hakuwa amewahi kufuma jingine zuri kama lile, na kila spoku aliyoikaza aliikaza akijua anaifunga njia ya Maroa ya kuja kuketi pale.

Maroa alishika usukani. "Asante, Bitutu," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Kisha akapanda, akaenda.

Ijumaa iliyofuata alipita asubuhi na mapema, maana sasa hakuna cha kumchelewesha. Alipunguza mwendo tu, mguu mmoja chini, na kumwambia kwamba ng'ombe waliingia na yeye alikuwa langoni. Watu walikuwa wakitazama. "Na gurudumu?" Bitutu aliuliza. "Halina neno," alijibu Maroa kwa huzuni, akaenda zake sokoni.

Tangu siku hiyo hupiga kengele mara mbili na kuinua mkono. Bitutu huinua wake. Huitegea sikio ile rimu inapopita na gunia zima juu, labda usikike hata mkwaruzo mmoja, wapi. Baiskeli ikishapotea kwenye kona, Msabato huyu mwaminifu huinamisha kichwa juu ya tyubu ya mtu mwingine na kuomba. Haombi ajali, la hasha. Mwiba mmoja tu, Bwana, na uwe mdogo.