Kofia ya Bi Zamzam Iliyogoma Kufunguka Kiunga

Lubna alisomea kompyuta chuoni Mombasa, kisha akarudi Amu, kisiwani Lamu, kuishi na shangazi yake, Bi Zamzam, mshonaji wa kofia za vito, zile za matundu madogo yanayoshonwa kwa mkono. Shangazi hushona kwa miezi. Lubna hupiga picha na kuziweka kwenye tovuti. Wakati mwingine hushinda kutwa nzima wote wawili wameinamisha vichwa kazini.

Alhamisi moja asubuhi Yunusi, mwalimu wa Kiunga, kijiji cha mbali kaskazini mwa pwani, alipiga simu.

"Bi Lubna, naoa kesho na sina kofia! Ukurasa wako umegoma. Kiduara kinazunguka tu tangu nianze chai, na chai imekwisha."

Boti ya Kiunga ingeondoka baada ya adhuhuri. Kofia ya miezi saba ilikuwa mezani, na bwana harusi hajaiona hata aamue kuinunua.

Lubna alijua kosa ni lake. Aliziacha picha kama zilivyotoka kwenye kamera, kila moja megabaiti nane, ili kila tundu la kofia lionekane. Mtandao wa Kiunga ungeubebaje mzigo huo? Akazipunguza upana, akazibana, akazibana tena, hadi kilobaiti kumi.

Yunusi akapiga. "Umefunguka papo hapo, mashallah! Lakini… kofia hii si ya mashine?"

Bi Zamzam, aliyekuwa akisikiliza, akaweka sindano chini. "Mashine! Mwambie akaoe kavaa ndoo!"

Lubna alicheka, kisha akaitazama picha. Kweli, nyuzi zilikuwa zimevurugika kama uji.

"Na wewe nawe," shangazi akamgeukia, "mnunuzi wa Amu huanza wapi?" Akaipindua kofia ndani nje, kama kila mteja anavyofanya kibarazani kabla hata ya kuuliza bei. "Hukuku ndani, kwenye mafundo ya mkono. Wewe wamwonyesha utosi na meza yangu!"

Lubna akapiga picha ya upande wa ndani, akakata meza, akakata ukuta, akabakisha sehemu ndogo kama kiganja. Safari hii aliibana kidogo tu: kilobaiti sitini, na kila fundo la uzi bayana.

Simu ikalia.

"Naona mafundo," alisema Yunusi kwa adabu. "Bi Zamzam, nisamehe. Naichukua."

"Kaivae kwanza kitwani, harusi ikisha tutazungumza."

Bi Zamzam aliishika kofia kitambo kabla ya kuiachia. Lubna akaifunga ndani ya karatasi, akavuta buibui lake, akatoka mbio kuelekea gatini.