Sauti ya Marehemu Kwenye Picha ya Mizuka

Jamani, leo nimemsemesha marehemu, na mkewe ameitika.

Msinitukane kwanza. Sikilizeni.

Gari la sinema limekuja Msambweni mchana huu. Tumefungiwa ndani ya ghala la nazi ili tupate giza, na mimi ndiye mkalimani. Nasimama kando ya shuka la kuonyeshea picha, nawasemea Wazungu wa kwenye picha.

Picha yenyewe ni nyumba yenye mizuka. Inatisha, inachekesha, inatisha tena.

Watu wakaogopa mno. Nikasema, ngoja niwachekeshe.

Mzuka ulipofumbua kinywa, nikaupa sauti ya marehemu Mzee Kombo, na kikohozi chake kile:

"Ehu, ehu! Mwanasha! Maji yangu ya kuoga yako wapi?"

Ghala zima likaangua kicheko.

Wallahi sikujua kwamba Bi Mwanasha, mjane wake, yumo. Ametoka eda juzi tu.

Akasimama gizani.

"Labeka, bwana. Nayaleta."

Akaanza kupapasa njia kuelekea mlangoni.

Watu wakazidi kucheka.

Mzungu mwenye gari, asiyejua kilichowachekesha watu, akanipigapiga begani: "Mzuri sana! Kesho tukienda Galu, sema vile vile."

Nimekubali.

Haya, nitukaneni sasa. Ila mliokuwamo ghalani, msijifanye hamkucheka.