Nilifunga joystick na pedali za ndege za kivita Doha, na kila aliyekaa alikata kulia

Salamu zenu wakuu.

Nimekuwa msomaji kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika yangu, na sitaongeza chumvi, kwa sababu hata bila chumvi inaniaibisha ya kutosha.

Mimi ni Mkenya, kijana wa Nakuru, nina digrii ya IT na nina tabia ya kufikiria jambo mpaka lenyewe linachoka. Mtu akinijibu "sawa" peke yake kwenye WhatsApp, nakaa saa nzima nikijiuliza nimemkosea nini. Mjue hilo mapema, litawasaidia huko mbele.

Niko Doha mwaka wa pili. Nakaa Al Mansoura, chumba kimoja na jamaa anaitwa Barasa, mtu wa Bungoma, dereva wa hoteli.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza data kwenye ofisi moja West Bay. Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na mudir, yaani meneja wetu, alishaniambia hautaongezwa.

Kurudi nyumbani si aibu, najua. Lakini kabla ya kuja huku nilikaa Nakuru miaka miwili nikituma CV. Nilikuwa naogopa ile miaka kuliko kitu chochote.

Sasa Ijumaa moja, baada ya ibada kule Mesaimeer, dada mmoja wa kwaya akaniambia kuna ukumbi wa michezo ya kompyuta ndani ya mall wanatafuta mtu wa kufunga na kusimamia siti za ndege za kivita.

"Si ni wewe hutuchosha na stori za ndege kila wiki? Enda ukawachoshe wao, wakulipe."

Ni kweli. Hiyo michezo naicheza tangu chuo. Nilianza na keyboard, nikahamia gamepad, baadaye nikapata joystick ya mtumba ambayo ilikuwa inavuta kushoto kama mbwa aliyeona paka.

Jumapili nikaenda. Msimamizi wa ukumbi ni mama wa Mombasa, Bi Zuhura. Alinitazama juu mpaka chini, akanipeleka stoo.

"Mwanangu, mimi ndege sizijui. Mimi najua foleni. Mtu akae, aruke, apige vitu vyake, ashuke akicheka, aje mwengine. Ukiniletea mtu anashuka amenuna, mimi na wewe hatutaelewana."

Mpango ulikuwa hivi. Siti tatu na skrini kubwa zilikuwa tayari. Stoo kulikuwa na maboksi ya vifaa mchanganyiko ambavyo mwenye ukumbi alivinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara na kuondoka nchini. Mimi nichague kipi kikae wapi, nifunge, nipange kila kitu kwenye kompyuta. Alhamisi asubuhi mwenye ukumbi aje ajaribu mwenyewe.

Akiridhika, kazi ni yangu. Asiporidhika, asante kwa kuja.

Ofisini nilikuwa na siku za likizo zimebaki. Nikachukua zote.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale mnaotaka kununua vifaa vya nyumbani, maana najua mtaniuliza PM.

Ndege ya kivita inahitaji vitu vitatu. Joystick, ule mpini wa kuinua na kulaza ndege. Throttle, ule mkono wa upande wa kushoto unaoongeza na kupunguza nguvu ya injini. Na kitu cha kugeuza usukani wa mkia, unaopeleka pua kushoto au kulia. Hicho cha mwisho ndicho kinachogawa watu. Wengine wanatumia pedali za miguu. Wengine wanatumia joystick ambayo mpini wake unasokoteka, ukiusokota kulia pua nayo inaenda kulia.

Kama meza yako ni ndogo, usidanganywe na picha za mtandaoni. Pima meza kwanza. Na uchukue joystick nzito chini, maana ukiwa unakimbizwa na adui utaivuta kama unang'oa muhogo. Ile nyepesi inakuja na meza.

Angalia pia kile kijiti kidogo cha juu ya mpini, cha kutazama kushoto, kulia na nyuma. Kwenye vita ndicho kinachokuokoa. Asiyeweza kugeuza shingo anapigwa bila kujua kapigwa na nani.

Turudi.

Jumatatu nilifungua maboksi. Nikatengeneza spreadsheet ya kila kifaa, aina ya sensa inayosoma mguso, idadi ya vitufe, ugumu wa springi kwa makadirio ya mkono wangu. Bi Zuhura alipita akaniona nachapa.

"Umekuja kufunga mitambo au kuandika wasia?"

Nilichagua joystick tatu zenye mpini wa kusokoteka, kwa sababu sensa zake ni za sumaku na hazichakai haraka. Throttle tatu. Halafu jozi tatu za pedali za chuma, nzito, nzuri mno. Mwenye ukumbi alizipenda kuliko vyote. Bi Zuhura aliniambia huyo bosi alishawaonyesha rafiki zake picha za pedali hizo.

Kusema kweli hata mimi nilizipenda. Nikasema hapa kila siti inapata pedali, tuwe kama marubani wa kweli.

Kosa la kwanza la kawaida nililiwahi. Mchezo ukiona kifaa kipya, wenyewe unakipa kazi bila kukuuliza. Kwa hiyo mpini unaosokoteka na pedali vyote vinapewa kazi ya kugeuza mkia, halafu vinagombana. Ukifunga vifaa vyako nyumbani, ingia kwenye orodha ya vidhibiti ufute kazi zote zilizojirudia. Mimi nilifuta, nikaziachia pedali peke yake. Nikaruka siti zote tatu. Ndege ilinyooka kama rula.

Jumanne nikaita wafanyakazi wa ukumbi wajaribu.

Wa kwanza ni binti wa kaunta. Ndege ikaanza kukimbia, ikakata kulia, ikatoka kwenye njia ya kurukia, ikalipuka.

Wa pili, kijana wa usafi. Kulia. Mlipuko.

Wa tatu, mlinzi wa mlangoni, Mganda mmoja mpole sana. Yeye alifika hewani, lakini ndege ikawa inaenda upande upande kama kaa. Akashuka akaniambia pole, kana kwamba yeye ndiye ameharibu.

Nikakaa mimi. Imenyooka.

Kifaa kibovu kingeharibika kwangu pia. Hiki kilikuwa kinaharibika kwa watu wengine tu.

Nikaanza kufikiria, na nikianza mimi sisimamishwi. Labda umeme wa USB hautoshi watu wakiongezeka ukumbini. Labda AC inapoza sensa. Nikabadilisha soketi za USB, na ukihamisha kifaa kwenda soketi nyingine kompyuta inaweza kukiona kama kigeni, kwa hiyo nikapoteza mipangilio ya siti mbili na kuanza upya. Nikaongeza ile sehemu ya katikati ambayo kifaa hakisikii mguso mdogo. Nikaiongeza tena. Mwisho pedali zikawa hazisikii kitu mpaka uzikanyage kwa hasira.

Jumatano mchana bado walikuwa wanakata kulia. Tofauti ni kwamba sasa walichelewa kidogo kabla ya kukata.

Bi Zuhura alikuja kuwatazama. Akaniletea chai ya maziwa, akaiweka, akaondoka. Hilo lilinitisha kuliko kama angenigombeza.

Jioni ile Barasa alikuwa off, akaja kunichukua. Akanikuta nimekaa sakafuni.

"Injinia, mbona umekaa kama umefiwa?"

Nikamweleza. Akasema nimuache ajaribu, yeye ameendesha mpaka lori la miwa, ndege ya kompyuta haiwezi kumshinda.

Akakaa. Akashika joystick. "Gia ndio hii?"

"Hiyo si gia. Nguvu iko mkono wa kushoto. Sukuma."

Akasukuma. Ndege ikaanza kukimbia, na kama kawaida, ikaanza kulia.

Nikadhani waya umelegea. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya siti kuangalia.

Ndipo nikaona miguu ya Barasa.

Mguu wa kushoto alikuwa ameukunja nyuma, umelala sakafuni, umepumzika. Mguu wa kulia ulikuwa juu ya pedali ya kulia, umekanyaga kabisa.

"Barasa. Huo mguu unafanya nini?"

"Unatia mafuta. Si tunaenda?"

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto wa nini? Gari zote huku ni automatic. Wa kushoto ulistaafu siku niliposhuka airport."

Nikatoka chini ya siti, nikakaa tena sakafuni.

Huu mji unaendeshwa kwa mguu mmoja. Na asiyeendesha gari, kama binti wa kaunta, amecheza zile siti za mbio za magari zilizo hatua kumi kutoka zangu, ambazo pedali ya kulia ni mafuta. Kila aliyekaa kwangu alikuwa anatia mafuta kwa mguu wa kulia, na kwenye ndege mguu wa kulia unapeleka pua kulia. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa naweka miguu yote miwili. Siku mbili nilikuwa nachunguza sensa, na sikuwahi kumwangalia mtu chini ya magoti.

Barasa akacheka mpaka akajishika mbavu. "Digrii nzima, buda. Ungeniuliza mimi Jumatatu."

Sasa ikabaki kuamua. Naweza kuziacha pedali na kumfundisha kila mteja. Lakini mtu ana dakika chache tu, na foleni ya Bi Zuhura haitasubiri darasa. Au nizitoe, mkia uhamie kwenye mpini wa kusokota, miguu ya watu ikae popote inapotaka.

Lakini zile pedali ndizo mwenye ukumbi alizowaonyesha rafiki zake. Nikizitoa, ataona kijana amepewa vifaa akashindwa kuvifunga.

Nilimwandikia Bi Zuhura ujumbe mrefu nikiomba ushauri. Nikaufuta. Nikaandika mfupi. Nikaufuta. Mwisho nikachukua bisibisi, nikazitoa pedali kwenye siti mbili na kazi ya mkia nikaihamishia kwenye mpini, ya tatu nikaziacha. Zile nyongeza zote za Jumanne nikazifuta pia, vifaa vikarudi kama vilivyotoka kiwandani. Havikuwahi kuwa na shida.

Alhamisi mwenye ukumbi alifika na shemeji yake. Mtu mpole, anaongea Kiingereza taratibu. Kitu cha kwanza kuuliza: pedali ziko wapi?

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Yakapotea yote kichwani. Bi Zuhura alikuwa ananiangalia kutoka kaunta.

Nikajikuta namwambia, "Karibu ukae siti hii ya mwisho, sir. Weka miguu vile unavyojisikia."

Nilijua ninachofanya. Nilikuwa namkaribisha mtu mwenye kazi yangu mkononi aje alipuke.

Akakaa. Mguu wa kulia ukaenda mbele wenyewe. Akasukuma throttle, na ndege ikakata kulia, ikatoka njiani, ikalipuka mbele ya shemeji yake.

Shemeji akakohoa.

Nikamwomba atazame miguu yake. Akainama, akatazama. Akatazama tena. Halafu nikamwomba ahamie siti ya pili, isiyo na pedali.

Ndege ikakimbia, ikanyooka, ikainuka. Akageuza kwa mpini, akaikuta ndege ya adui, akaikosa, akazunguka tena. Shemeji naye akakaa siti ya kwanza bila kualikwa, wakaanza kuwindana wao kwa wao.

Nikasogea kutaka kumwonyesha kitufe cha kombora. Bi Zuhura akanivuta shati.

"Mwache. Mtu akicheka usimfundishe."

Walicheza mpaka shemeji akasema khalas, yaani basi, tumechelewa. Mwenye ukumbi akashuka, akasema pedali zibaki siti ya tatu kwa wanaojua, na mimi nianze Jumapili, miezi mitatu ya majaribio. Si mkataba wa kudumu, sitawadanganya. Taratibu za kuhamisha ajira bado zinaendelea na kila nikisikia simu inaita nashtuka. Ila Nakuru nimepiga simu, na safari hii mama hakuniuliza narudi lini.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujachagua kifaa, mwangalie atakayekaa. Ukinunulia nyumbani kwako, hiyo ni miguu yako na meza yako, si za yule wa kwenye video. Na kifaa kikikosea kwa kila mtu isipokuwa wewe, wewe ndiye wa kuchunguzwa.

Wataalamu wa joystick humu, nikosoeni nilipokosea, sinuni. Na kuna swali moja. Wazazi wameanza kuleta watoto wa miaka saba, minane, ambao kiganja hakiwezi kusokota mpini. Mliowafungia watoto wenu vifaa nyumbani, mlitumia nini? Jibuni kabla sijagusa waya wowote.