Seva Yangu Iliponiumbua kwa Wakwe

Hii aibu nilitaka kuzikwa nayo, lakini mchumba wangu Njeri mwenyewe ameshaanza kuisimulia, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi kwanza.

Tulikuwa kwao, mtaa wa Baba Dogo, siku ya kujitambulisha, na mjomba Barasa, msemaji wetu, alikuwa ameniagiza kitu kimoja tu, nifunge mdomo (kijana anayeombewa mke haongei, wazee ndio huongea). Nikanyamaza vizuri hadi baba yake Njeri, mzee aliyestaafu kazi ya kanjo, yaani baraza la jiji, akauliza kijana anafanya kazi gani, na kabla mjomba hajameza chai nikajibu mwenyewe, eti natengenezea watu tovuti na nina seva yangu, sishiriki na mtu. Kamau, kakake Njeri, ambaye sikujua naye hushinda kwa kompyuta, akainua kichwa, akauliza kama ni KVM ama kontena. Nikamwambia KVM, tena kwa madharau kidogo.

"Si basi utuonyeshe, boss," Kamau akasema.

Hapo ningesema laptop imeisha chaji. Lakini wapi, nikaiunganisha na televisheni yao, nikaingia kwenye seva, nikaandika systemd-detect-virt, amri ya kuuliza seva ni ya aina gani, huku nikitabasamu, nikabonyeza. Ikajibu: lxc.

Hiyo ni kontena, ile ya kushiriki na wengine, na mimi tangu nipewe hiyo seva sikuwahi kuikagua, niliamini tu maneno ya muuzaji. Nikarudia amri, lxc tena. Nikasema labda ni televisheni (ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya wazee).

Mzee akauliza kuna nini, na Kamau akamweleza polepole, bila huruma, kwamba kompyuta moja kubwa hugawiwa watu wengi, na KVM ni kama kupewa nyumba yenye kila kitu chake ndani.

"Lakini hii yake, Baba, ni kama single ya Pipeline, chumba kimoja cha kupanga. Choo iko kwa koridoo, wote mnatumia hiyo moja."

Mzee akaweka kikombe chini, akamgeukia mjomba, si mimi. "Sasa huyu anataka msichana wangu, na hajui hata amepanga nyumba gani?"

Njeri alikuwa mlangoni na sahani ya chapati. Akageuka akazirudisha jikoni, nasi tukaambiwa tuje siku nyingine.

Tulirudi, na siku hizi siandiki amri mbele ya watu kabla sijaijaribu nikiwa peke yangu. Mzee alinitazama sana, akauliza kama bado naishi kwa koridoo. Nilikuwa na jibu zuri kabisa, la KVM ya kweli niliyohamia, nimeikagua mwenyewe. Nikamwachia mjomba ajibu.